Usalama wa Mitambo Inayojiendesha: Jinsi ya Kuyalinganisha Makampuni Yanayoitengeneza

Kwa miaka mingi mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ulipata umeme wake kutoka kwa jenereta za dizeli. Jenereta ilipoharibika, taa zilizimika. Lakini chanzo cha giza hilo kilikuwa karibu, na fundi aliweza kukifikia kwa miguu. Mwaka 2018 hali hiyo ilibadilika. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa kilometa 250 hivi, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ilifika Songea kwa kupitia Madaba, na mji ukaunganishwa na gridi ya Taifa.

Faida za muungano huo hazihitaji kuelezwa kwa mwananchi wa Ruvuma. Hata hivyo, kila muungano una upande wake wa pili. Mashine ya kusaga mahindi, pampu ya maji, chumba cha upasuaji na maabara ya shule sasa vinategemea mitambo iliyo mbali, nayo mitambo ya namna hiyo huongozwa na vyombo vya kielektroniki vinavyonunuliwa kutoka nchi za nje. Mtu mwenye nia mbaya hana haja ya kufika Songea ili aiguse swichi ya Songea. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: mnunuzi wa vyombo hivyo atajuaje ni kampuni ipi inayostahili kuaminiwa? Makala haya yanaeleza vipimo vinavyotumika kuyalinganisha makampuni hayo, na kwa nini kipimo kilicho rahisi kuliko vyote ndicho kinachopotosha zaidi.

Kidhibiti ni nini?

Tuchukue mfano wa tangi la maji. Zamani mlinzi alikaa karibu na tangi, akawasha pampu maji yalipopungua na kuizima yalipojaa. Leo kazi hiyo hufanywa na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo na imara, ambayo kwa kawaida haina kibodi. Kidhibiti hupokea habari kutoka kwa vipimio, huzilinganisha na maagizo kiliyopangiwa, kisha hutoa amri kwa pampu au valvu. Hurudia mzunguko huo mara nyingi katika kila sekunde, usiku na mchana, bila kuchoka.

Katika kituo cha kupoza umeme cha kisasa, vyombo vya jamii hiyo hupima mkondo wa umeme na volti, na hukata umeme kabla transfoma haijaungua. Hali kadhalika hupeleka habari kwenye chumba cha uongozi kilicho mbali na kupokea amri kutoka huko. Makampuni yanayojulikana sana katika utengenezaji wa vyombo hivyo ni Siemens ya Ujerumani, Schneider Electric ya Ufaransa, ABB ya Uswisi, Rockwell Automation, Emerson na Honeywell za Marekani, pamoja na Yokogawa, Omron na Mitsubishi Electric za Japani.

Kidhibiti hutofautiana na kompyuta ya ofisini kwa mambo mawili. Kwanza, huishi muda mrefu: si ajabu kukikuta kikifanya kazi baada ya miaka 20. Kosa la mnunuzi wa leo litarithiwa na mwanafunzi aliye kidato cha kwanza. Pili, kompyuta ya ofisini ikivamiwa, zinazopotea ni habari. Kidhibiti kikivamiwa, valvu hufunguka na swichi hukatika. Isitoshe, lugha nyingi za mawasiliano ya vyombo hivi zilibuniwa wakati mitambo ilikuwa imejitenga. Lugha iitwayo Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na ambayo bado inatumika, kwa asili yake haina njia ya kumwuliza mtoa amri kuwa yeye ni nani. Amri ikija kwa maneno sahihi, inatiiwa.

Hatari yenyewe

Tarehe 23 Desemba, 2015, wavamizi waliingia katika kompyuta za makampuni matatu ya kusambaza umeme nchini Ukraine. Walikuwa wamejipenyeza miezi kadhaa kabla, kwa kutumia barua za kielektroniki za hila. Siku hiyo walizifungua swichi za vituo kutoka mbali, na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme kwa saa kadhaa. Mwaka 2017 wavamizi walikifikia kidhibiti cha usalama aina ya Triconex, cha Schneider Electric, katika kiwanda cha kemikali za mafuta nchini Saudia. Hicho ndicho chombo kinachopaswa kuzima mtambo kabla haujalipuka. Kwa bahati, kosa lililotokea katika kazi yao wenyewe ndilo lililosababisha kiwanda kujizima, na hila ikagunduliwa.

Afrika nayo imekwisha kuonja. Julai 2019 kompyuta za shirika la umeme la jiji la Johannesburg zilifungwa na programu ya kudai fidia, na baadhi ya wateja wakashindwa kununua umeme wa malipo ya kabla. Julai 2023 mashambulizi dhidi ya huduma za mtandao nchini Kenya yalivuruga pia ununuzi wa umeme wa namna hiyo. Katika matukio haya mawili vilivyovurugwa ni vyombo vya biashara, wala si vidhibiti vya mitambo. Tofauti hiyo ni muhimu, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kipimo cha kwanza: idadi ya hitilafu

Tangu mwaka 1999 kumekuwako orodha ya kimataifa ambamo kila hitilafu ya usalama iliyotangazwa hupewa namba yake. Kwa kawaida hitilafu hupewa pia alama za ukali, kuanzia 0 hadi 10. Ni rahisi basi kuhesabu hitilafu za kila kampuni na kusema kuwa yenye nyingi ndiyo mbaya.

Hesabu hiyo inadanganya. Fikiria zahanati mbili. Moja ina darubini na mpimaji hodari. Hutangaza wagonjwa wengi wa malaria. Nyingine haina darubini. Haitangazi hata mmoja. Mtu atakayehamia karibu na zahanati ya pili ili ajikinge na malaria atakuwa amesoma takwimu bila kuzielewa. Idadi ya hitilafu zilizotangazwa hupima mambo mawili kwa pamoja: wingi wa makosa, na bidii ya kuyatafuta na kuyasema.

Hebu tutumie mfano wa kubuni. Kampuni A ina aina 600 za bidhaa, na imetangaza hitilafu 120. Kampuni B ina aina 20, na imetangaza hitilafu 6. Kampuni C ina aina 200, na haijatangaza hitilafu yoyote. Kwa kuhesabu tu, C ni bora na A ni mbaya kupita zote. Lakini tukigawanya, A ina hitilafu 0.2 kwa kila aina ya bidhaa, na B ina 0.3. Tuseme tena kwamba A ilirekebisha hitilafu 108 katika muda wa siku 90, na B ilirekebisha 3. Hiyo ni asilimia 90 kwa A na asilimia 50 kwa B. Kuhusu C hakuna kinachoweza kusemwa. Sifuri yake yaweza kuwa afya, na yaweza kuwa ukosefu wa darubini. Ikiwa C haina hata anwani ya kupokelea taarifa za watafiti, dhana ya pili ndiyo yenye uzito.

Kipimo cha pili: kutazama kutoka nje

Yapo mashirika yanayochunguza kompyuta za kampuni zinazoonekana katika intaneti, kisha yakaipa kampuni alama kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Kipimo hiki kina manufaa, kwa kuwa kampuni isiyofunga milango ya ofisi yake huenda ikaibiwa siri za wateja, au programu zake zikachafuliwa kabla hazijawafikia. Mei 2023 ABB ilivamiwa na programu ya kudai fidia. Januari 2024 kitengo kimoja cha Schneider Electric kilipatwa na mkasa kama huo.

Hata hivyo, kufuli la ofisi ya fundi si kufuli analoliuza. Alama hizo huonyesha unadhifu wa nyumba ya kampuni. Hazionyeshi kama kidhibiti kitakachofungwa kituoni kinaweza kumtambua mtoa amri. Kuvichanganya vitu hivyo viwili ni kosa lile lile la kudhani kuwa kuvurugika kwa mauzo ya umeme ni kuvurugika kwa mtambo.

Kipimo cha tatu: hati za viwango

Kiwango cha kimataifa kinachohusika hapa ni IEC 62443. Sehemu yake moja hueleza jinsi mtengenezaji anavyopaswa kufanya kazi tangu kubuni hadi kurekebisha. Nyingine hueleza uwezo ambao chombo chenyewe hakina budi kuwa nao. Ngazi za usalama ni 4: ya kwanza ni kinga dhidi ya makosa ya bahati mbaya, na ya nne ni kinga dhidi ya adui mwenye ujuzi, fedha na nia thabiti.

Hati ni ushahidi mzuri, ila si ushahidi kamili. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Forescout walitangaza hitilafu 56 katika bidhaa za makampuni 10 ya mitambo. Nyingi kati yake hazikuwa makosa ya kuteleza, bali udhaifu uliokuwamo katika ubunifu wenyewe. Kati ya jamii za bidhaa zilizohusika, asilimia 74 zilikuwa na hati ya usalama ya namna fulani. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Je, mna hati?" Yafaa kuuliza: hati hiyo ni ya nini, ya ngazi gani, na inahusu chombo hiki hiki au bidhaa nyingine ya kampuni?

Kipimo cha nne: mwenendo baada ya kosa

Tuseme fundi makufuli ameuza makufuli elfu moja mjini, nayo yote yanafunguliwa na ufunguo mmoja. Atakayepata ufunguo wa nyumba moja amepata wa mji mzima. Kasoro ya namna hii ilitangazwa mwaka 2021 kuhusu vidhibiti vya Logix vya Rockwell Automation, nayo ilipewa alama 10 kati ya 10. Mwaka 2022 kasoro inayofanana nayo ilitangazwa kuhusu vidhibiti vya S7-1200 na S7-1500 vya Siemens. Makampuni makubwa mawili, yenye wahandisi hodari, yaliteleza mahali pamoja.

Kwa hiyo kinachoyatenganisha makampuni si kukosea, maana hakuna asiyekosea. Kinachoyatenganisha ni kama kosa lilitangazwa waziwazi, kama mteja alielezwa la kufanya siku hiyo hiyo, kama dawa ilifika hata kwa vyombo vya zamani, na kama ubunifu ulibadilishwa. Siemens hutoa taarifa zake za usalama kwa ratiba, Jumanne ya pili ya kila mwezi. Schneider Electric, baada ya mkasa wa Saudia, ilieleza hadharani mwaka 2018 jinsi kidhibiti chake kilivyovamiwa. Mwenendo wa namna hiyo huongeza idadi katika orodha ya hitilafu, na papo hapo humwongezea mnunuzi usalama.

Sehemu ya mnunuzi

Tarehe 25 Novemba, 2023, katika mji mdogo wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wavamizi walikiteka kidhibiti cha Unitronics katika kituo cha kuongeza msukumo wa maji. Vidhibiti vya aina hiyo vilitoka kiwandani na neno la siri 1111, na vingi viliachwa hivyo vikiwa vimeunganishwa na intaneti. Mafundi waliendesha kituo kwa mikono, na maji hayakukatika. Baadaye mtengenezaji alibadili programu yake ili mtumiaji alazimike kuweka neno la siri jipya. Lawama ilikuwa ya pande mbili: aliyeuza mlango wenye ufunguo unaojulikana, na aliyeufunga mlangoni bila kuubadili.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ndani ya Mamlaka ya Mawasiliano kuna kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya kompyuta. Lakini sheria humwadhibu mhalifu baada ya tendo. Haiwezi kukikaza kidhibiti kilichonunuliwa kikiwa legevu. Ulinzi huanzia kwenye masharti ya zabuni, kabla saini haijatiwa. Mnunuzi adai kwa maandishi idadi ya miaka ambayo kampuni itarekebisha chombo, muda wa kutoa dawa baada ya hitilafu kujulikana, ufunguo wa pekee kwa kila chombo, na mafunzo kwa mafundi wa hapa nchini. Kampuni isiyokubali masharti hayo imejipambanua yenyewe, hata kama alama zake za nje zinapendeza.

Walimu wa hisabati wanaweza kuwapa wanafunzi mfano wa kampuni A, B na C, wakawataka wapange makampuni hayo kwanza kwa idadi, kisha kwa uwiano, kisha kwa kasi ya marekebisho, na kueleza kwa nini mpangilio unabadilika. Walimu wa fizikia waongeze jambo moja. Nchini Ukraine mwaka 2015 umeme haukurudishwa na kompyuta, bali na mafundi waliokwenda vituoni na kuzifunga swichi kwa mikono yao. Kilometa 250 kati ya Makambako na Songea ni nyingi. Mkoa wa Ruvuma utahitaji watu wake wenyewe wanaojua kazi hiyo, na watu hao leo wamo madarasani.