Salama na Binti Zake

Kutoka Maskati hadi Khasab kwa gari, pasipoti yangu iligongwa mihuri minne, na nilikuwa natoka Oman kwenda Oman. Rasi ya Musandam imekatwa na ardhi ya Falme za Kiarabu. Njiani nikamlalamikia mume wa dada yangu, mzaliwa wa Unguja: majabali haya makavu Oman imeyang'ang'ania ya nini, hata muhogo hauoti?

“Ngoja tupande boti, shemeji,” akasema.

Asubuhi yake nahodha alitufikisha karibu na Kumzar, kijiji kisichofikika kwa gari, akanyoosha kidole kaskazini. Kule, shemeji akanitafsiria, kuna visiwa ambavyo mabaharia huviita Salama na Binti Zake. Meli za mafuta hupita nyuma yake.

Ghuba ya Uajemi (Waarabu huiita Ghuba ya Waarabu, na usibishane nao) ina nchi nane: Iran, Iraq, Kuwait, Saudia, Bahrain, Qatar, Falme za Kiarabu na Oman. Pwani yote ya kaskazini ni ya Iran. Iraq ina kijipande tu. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja, Hormuz. Mwaka 2024 ulipitisha mapipa ya mafuta yapatayo milioni 20 kila siku.

Shemeji alinipigia hesabu juu ya kifuniko cha deli la samaki. Penye wembamba, mlango una maili 21 hivi za baharini. Mkataba wa bahari wa 1982 unaipa kila nchi hadi maili 12 kutoka pwani yake. Za Iran 12, za Oman 12, jumla 24. Maji yamekwisha! Hakuna bahari huria hata ya kunawia miguu.

Nilidhani basi Iran, yenye pwani ndefu, ndiyo bawabu. Kumbe pale penye wembamba njia za meli, ya kuingia na ya kutoka, kila moja upana wa maili mbili, zimepangwa upande wa Oman. Majabali yangu yale yale! Ila kumiliki maji si kufunga mlango: mkataba unazipa meli zote haki ya kupita. Iran iliutia saini, haikuuridhia, na mabishano mengi huanzia hapo.

Visiwa vingine vya ghuba navyo vina kesi yake. Askari wa Iran walitua visiwa vya Abu Musa na Tunb mbili tarehe 30 Novemba 1971, siku mbili kabla ya Falme za Kiarabu kuzaliwa. Falme zinavidai mpaka leo.

Nahodha alikuwa ameshatupa mshipi. Tulirudi Khasab na nguru wawili, na kesho yake mihuri minne mingine.