Kutoka Pwani hadi Kampala (Sehemu ya Nne): Waliotembea na Waliopitwa

Tangu Rais William Ruto azindue upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit mnamo Novemba 28, 2025, hapa Matete watu wanaulizana: basi la Nairobi hadi Kampala litaokoa saa ngapi? Ni swali la haki. Lakini kwanza turudi kwa wapagazi tuliowaacha Rabai juma lililopita, maana wao ndio walioipima njia hii kwa nyayo.

Askofu James Hannington aliondoka nao Rabai Julai 23, 1885. Alifika Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, mapema Oktoba. Zaidi ya miezi miwili! Siku hizi, kilomita 650 hivi za Nairobi hadi Kampala, abiria hupanda basi jioni na kunywa chai ya asubuhi Kampala.

Mpagazi alijitwika mzigo wa kilo 30 hivi: shanga, nyaya, majora ya amerikani. Alikwenda nao kutwa, jioni akapimiwa kibaba cha nafaka, akakipika mwenyewe, akalala chini. Alfajiri, mzigo ule ule. Hannington alipouawa Busoga, Oktoba 29, wapagazi wapatao 50 aliokuwa nao waliuawa pia, wakanusurika wachache mno. Kanisa humtaja askofu kwa jina kila mwaka. Wapagazi je? Hao ni "wenzake" tu. Nimelisema hili katika kila sehemu ya makala haya na sitachoka: Mumias inastahili nguzo ya kumbukumbu ya wapagazi, na watoto wetu wafundishwe kwamba Kenya ilibebwa vichwani kabla ya kubebwa na magurudumu.

Kisha ikaja reli. Desemba 1901 ilifika Kisumu, na safari ya miezi ikawa ya siku. Nani aliumia? Mumias. Mji uliolisha misafara kwa miaka mingi, makao ya Nabongo (mfalme) Mumia, uliachwa kando, na mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Reli ya pili ilifika Eldoret mwaka 1924, ikashuka kupitia Lugari na Webuye, ikaingia Kampala mwaka 1931. Penye stesheni pakachipuka maduka. Pasipo na stesheni watu waliusikia mlio wa treni tu. Mwendo wa kasi haumfikii kila mtu, na anayeupanga akitazama miji miwili ya mwisho humsahau aliye katikati.

Sasa lile swali. Njia pana inaishia Mau Summit. Kutoka hapo, Timboroa, Burnt Forest, Eldoret hadi Malaba, basi litaendelea kufuata malori kama kawaida, kwa hiyo saa zitakazookolewa ni za theluthi ya kwanza ya safari. Na madereva wasiigeuze lami mpya kuwa uwanja wa mashindano. Roho ya abiria haina spea.

Sisi wa Matete tuna hesabu yetu. Vikao vya maoni ya umma kuhusu barabara vikiitishwa, usikae nyuma ukingoje soda. Simama uulize: mama mjamzito wa huku vijijini, usiku, mvua ikinyesha, anafika hospitali ya Webuye kwa muda gani? Na jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.