Biti ya 9 na Ruta Isiyoamka Vizuri

Ruta ikigoma, fundi yeyote atakwambia uizime, usubiri kidogo, kisha uiwashe. Dawa hiyo inafanya kazi kwa sababu umeme ukikatika, kila saketi husahau ilichokuwa ikifanya. Lakini ruta nyingi hujiwasha upya zenyewe bila umeme kukatika, kwa mfano baada ya kupakiwa toleo jipya la programu. Hapo prosesa inaanza upya, Linux inapakiwa tena, ila chipu ya swichi iliyo pembeni yake huenda haijaambiwa lolote, na bado inashikilia mipangilio ya zamani. Taa zinawaka, kebo imechomekwa, na data haipiti.

Draiva ya mtandao, yaani ile sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) inayozungumza na chipu, isipojua kuiriseti chipu yake inalazimika kuamini kwamba aliyeitangulia ameiacha katika hali nzuri. Mara nyingi aliyetangulia ni U-Boot, programu ndogo inayoamka kabla ya Linux. Naona imani hiyo ndiyo inayozaa hitilafu zinazochosha kuliko zote, kwa sababu huja na kuondoka bila utaratibu: leo ruta inaamka, kesho haiamki, na hakuna mstari wa kodi uliobadilishwa.

Tuchukue AR9331 ya Atheros, chipu iliyotumika kwenye ruta ndogo nyingi, TL-MR3020 ya TP-Link ikiwemo. Ndani yake mna prosesa, Wi-Fi, USB na sehemu mbili za Ethaneti. Kwenye anwani 0x1806001C pana rejista ya biti 32 inayoziriseti sehemu hizo: biti ya 9 ni ya Ethaneti ya kwanza, ya 13 ni ya Ethaneti ya pili, ya 11 ni ya Wi-Fi, ya 5 ni ya USB. Ya 24 huangusha chipu nzima. Ukiandika 1, sehemu husika inagandishwa. Ukirudisha 0, inaachiliwa ianze upya.

Inaonekana kazi nyepesi, lakini rejista hiyo inatumiwa na madraiva kadhaa. Draiva ya Ethaneti inataka kubadilisha biti ya 9 tu, ila haiwezi kuandika biti moja; lazima isome zote 32, ibadilishe moja, kisha iandike zote. Tuseme imesoma wakati Wi-Fi ingali imegandishwa, biti ya 11 ikiwa 1. Kabla haijaandika, ikakatizwa, na draiva ya Wi-Fi ikapita na kuiweka biti yake 0. Ethaneti inaporejea, inaandika nakala yake iliyokwisha kupitwa na wakati, na Wi-Fi inagandishwa tena bila mtu kukusudia. Ndiyo maana kusoma, kubadilisha na kuandika hufanywa chini ya kufuli moja, huku makatizo yakizuiwa.

Kufuli hilo linafaa kukaa mahali pamoja. Tangu 2013 kerneli ina mfumo maalumu wa riseti: draiva moja inamiliki rejista, nyingine zinaiomba tu igandishe au iachilie. Draiva ya riseti ya familia hii ya chipu za Atheros iliingia mwaka 2015. Namba ya biti haiandikwi ndani ya draiva ya Ethaneti. Inawekwa kwenye faili linaloeleza vifaa vya bodi husika, hivyo draiva ileile inahudumia chipu ambazo biti zake zimepangwa tofauti.

Muda nao una masharti yake. Draiva ya ag71xx, inayoendesha Ethaneti ya chipu hizi, hugandisha kwa milisekunde 100, na baada ya kuachilia husubiri nyingine 200. Swichi zinazotumia draiva ya qca8k zina pini ya nje ya riseti, inayopaswa kushikwa chini kwa zaidi ya milisekunde 10; draiva huishika kwa 20. Mtu akigeuza mwelekeo wa pini hiyo kwenye faili la bodi, chipu itabaki imegandishwa moja kwa moja.

Panapopuuzwa zaidi ni kwenye makosa. Bodi za zamani hazina maelezo ya riseti, kwa hiyo draiva ikiambiwa kwamba riseti haipo, lazima iendelee kama zamani. Vinginevyo ruta iliyokuwa nzima itapoteza mtandao baada ya kusasishwa. Lakini kuna jibu jingine, -517, lenye maana kwamba riseti ipo ila mmiliki wake hajaamka. Hapo draiva irudishe kosa hilohilo na ijitoe, na kerneli itaiita tena baadaye. Kiraka, yaani badiliko la kodi ya draiva, kinachomeza majibu yote mawili kana kwamba ni kitu kimoja hurudisha ugonjwa uleule kwa mlango wa nyuma: riseti inarukwa kimya kimya, na draiva inaendelea kuitegemea U-Boot.

Majaribio yafanyike kwa kulikumbuka hilo. Waandishi wengi wa madraiva hupakia kerneli ya majaribio kupitia mtandao, na ili kuipakua, U-Boot inakuwa imeshaiamsha Ethaneti. Draiva yenye kasoro inaweza kupita mtihani huo bila shida. Iwashe ruta kutoka kwenye flashi yake, U-Boot isiguse mtandao. Kisha iwashe upya kwa amri, bila kukata umeme, mara nyingi mfululizo, data ikiwa inapita. Hata mara moja tu matundu ya LAN yakikosa kuamka, anza kukagua muda wa kusubiri baada ya kuachilia.