Kutu ya panga moja yaua 16!

Ukiliona dege la jeshi C-130 Hercules likinguruma, usidhani ni la juzi. Liliruka mara ya kwanza Agosti 23, 1954 huko Marekani, na mpaka leo bado linaundwa! Lina injini nne, na hutua hata kwenye uwanja wa vumbi.

Siri ya umri huo ni vipuri. Injini, mapanga, hata sehemu ya kati ya mabawa hubadilishwa. Lakini fundi akizembea, ole wenu! Julai 10, 2017, panga lenye kutu lilichomoka angani Mississippi, likapasua ubavu wa ndege. Wote 16 wakafa. Kumbe panga hilo lilipita karakana mwaka 2011, kutu ikaachwa. Uzee si hoja jamani, hoja ni jicho la fundi.