Siku Moja Juu ya Lava: Kutoka Chyulu hadi Yatta

Mtu wa Rombo anayekwenda Nairobi ana njia mbili. Wengi huzunguka Namanga. Wachache huvuka mpaka Tarakea, wakapita Loitokitok na kushika lami iendayo Emali, mji ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa. Wanaopita huku huandamana kwa mwendo mrefu, mkono wa kulia, na safu ya vilima vya mviringo vilivyobanana, vya kijani wakati wa mvua na vya rangi ya simba wakati wa kiangazi. Hivyo ndivyo vilima vya Chyulu. Abiria wengi hawavitazami, kwa sababu shingo zao zimegeukia nyuma, kwenye theluji ya Kilimanjaro. Ni hasara kubwa. Safu hiyo yote, yenye urefu wa kilomita mia hivi, imejengwa na volkano ndogondogo mia kadhaa, kila kilima na kasoko yake. Baadhi zilikuwa zikitema moto juzi tu kwa hesabu ya miamba. Milipuko ya mwisho, ile ya Shetani na Chaimu kwenye ncha ya kusini, huwekwa katikati ya karne ya 19, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1856, mwaka ule ule aliofariki Seyyid Said wa Zanzibar.

Upande wa mashariki wa safu hiyo ni Makueni, na ng'ambo ya mto Athi ni Kitui. Kaunti hizi mbili ni nchi ya Wakamba, nchi ya jua, mibuyu, asali na maembe. Makueni ina eneo la kilomita za mraba 8,000 hivi. Kitui inapita 30,000, zaidi ya mara mbili ya Mkoa wa Kilimanjaro, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187 tu. Watalii huzipita zote mbili wakikimbilia Tsavo au Amboseli. Lakini anayetaka kuona kazi ya volkano kwa siku moja, akiwa na gari lake na mwongozaji wake, atapata hapa mambo matatu yasiyopatikana pamoja kwa urahisi kwingine: vilima vichanga ambavyo sura yao bado haijaliwa na mvua, mapango yaliyochongwa na moto, na Yatta, ukuta wa lava ulio miongoni mwa zilizo ndefu kuliko zote duniani.

Gari la binafsi si anasa katika safari hii. Mabasi madogo ya makampuni hayapandi Chyulu. Njia za juu ni za udongo na kokoto, hazina vibao vya kutosha, na mvua ikinyesha hata gari la magurudumu manne huteleza. Mwongozaji mzuri ni mtu wa hapo hapo, wa Kibwezi au Mtito Andei, anayejua njia ipi imekatika na nyati wamelala wapi. Bei huhesabiwa kwa gari na kwa siku, kwa hiyo watu wanne wakichanga hawaumii kama mtu mmoja. Ada ya hifadhi ni jambo jingine: Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, halipokei noti langoni. Hulipwa kwa simu au kadi kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na ni busara kumaliza jambo hilo mjini, mtandao ukiwa bado na nguvu.

Pa kulala usiku wa kuamkia safari, Makindu panafaa sana. Hapo lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, katika mji uliokua pamoja na reli. Milango yake iko wazi kwa msafiri wa dini yoyote. Anavua viatu, anafunika kichwa, anakula chapati na dengu bila kudaiwa, na akitaka hutoa sadaka kwa hiari yake. Wasiokuwa na gari hushuka kwenye treni ya SGR ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kazi 2017. Ile inayosimama vituo vya kaunti huwateremsha Emali, Kibwezi au Mtito Andei, na mwongozaji huwapokea hapo.

Safari ianze alfajiri. Sababu ni Kilimanjaro: kufikia saa tatu au saa nne mawingu huwa yamekwisha kuufunika mlima. Kutoka kwenye mgongo wa Chyulu, Mtanzania huuona mlima wake kutoka upande asiouzoea, kutoka kaskazini-mashariki, Mawenzi yenye meno ikiwa mbele na Kibo nyuma yake. Chini, tambarare za Wamaasai zinakwenda hadi miguuni mwa mlima. Kilele cha juu cha Chyulu hakifiki mita 2,200 na hakuna theluji wala barafu, ila ubaridi wa asubuhi unataka koti. Nyasi ni ndefu na laini, zinainama zote pamoja upepo ukipita. Kwenye mabonde na midomo ya kasoko kumesimama misitu midogo ya ukungu, yenye miti iliyovaa ndevu za kuvumwani na ndege wakilia ndani yake.

Hapo juu kuna jambo la ajabu ambalo mgeni hulishtukia polepole. Hakuna mto. Mvua inanyesha vya kutosha, ukungu unalowesha majani kila asubuhi, na bado hakuna kijito hata kimoja kinachoteremka. Majivu na kokoto za volkano zina matundu mengi mno. Tone likianguka, linazama. Maji hupita kwenye mwamba kwa miaka, yakichujwa pole pole, hadi yanapokutana na tabaka gumu chini na kulazimika kutafuta njia ya kutoka. Hutokea mbali, kwenye tambarare kavu ambako hakuna aliyeyatarajia. Chemchemi ya Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, na sehemu ya maji hayo imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950. Mwenye kunywa maji ya bomba Mombasa huenda anakunywa mvua ya Chyulu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuitembelea nchi hii kwa utulivu, na si kwa ajili ya picha peke yake. Volkano hizi ndizo zinazobeba uhai wa nchi kavu inayozizunguka, na ndiyo maana kukata msitu wake au kuchoma nyasi zake si habari ya wanyamapori tu. Eneo kubwa la vilima lilitangazwa hifadhi ya taifa 1983.

Kutoka juu, mwongozaji huteremka kwenye mapango. Lililo maarufu zaidi linaitwa Leviathan. Wapelelezi wa mapango walianza kulipima miaka ya 1970 na wakapata urefu unaozidi kilomita 11, likiwa miongoni mwa marefu kabisa ya aina yake duniani. Namna lilivyojengwa ni rahisi kuelewa ukiwa umesimama ndani yake. Lava iliteremka kama mto. Juu ikapoa na kuganda kwa kuguswa na hewa, ndani ikabaki ya moto na kuendelea kutiririka chini ya paa lake lenyewe. Chanzo kilipokatika, kilichobaki ndani kikamwagika hadi mwisho na kuacha mtaro mtupu. Kwenye kuta bado ipo mistari ya mlalo inayoonyesha kimo cha moto kilivyoshuka. Darini kunaning'inia vidole vya mawe vilivyokuwa matone. Mahali paa lilipoporomoka, mwanga unaingia, na miti imeota ndani ya shimo na kupanda kulifuata jua.

Hapa hapaingiwi kwa ujasiri tu. Inatakiwa kofia ngumu, tochi mbili kwa kila mtu, viatu vya ngozi ngumu na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa midomo ya mapango hupendwa na wanyama wakubwa pia. Miamba ina ncha zinazopasua kiganja. Popo ni wengi. Kinyesi chao kilichimbwa zamani katika baadhi ya mapango ya Chyulu na kuuzwa kama mbolea. Mwongozaji mwenye akili hamchukui mgeni wa mara ya kwanza zaidi ya mita mia chache ndani. Zinatosha. Akiwaomba watu wazime tochi na kunyamaza kidogo, ataeleweka zaidi kuliko kwa hotuba yoyote.

Mwenye muda wa kuteremka kusini hadi Shetani ataona sura nyingine. Ni uwanja wa lava nyeusi wa kilomita kadhaa, mbichi kiasi kwamba miti ni michache na udongo bado haujatengenezeka. Waliouona moto ule ukitembea usiku waliamini shetani ametoka ardhini, na jina likabaki. Lakini kwa siku moja, Shetani na Yatta havipatikani vyote. Anayekwenda huku ameshachagua Tsavo Magharibi na Taita Taveta, na safari yake imekuwa nyingine.

Mchana ni wa Kibwezi. Msitu wa Kibwezi umeota juu ya lava, jambo linaloshangaza mpaka mtu aone chemchemi ya Umani ikitoka chini ya mawe, safi kama kioo, mikuyu ikiwa imeizunguka. Ni maji yale yale ya Chyulu yaliyopotea asubuhi. Mwaka 1891 Waskoti waliweka misheni Kibwezi kwa sababu ya kijani hiki. Hawakukaa sana: malaria iliwachosha, na kufikia 1898 walikuwa wamehamia Kikuyu. Leo mji una mashamba ya katani pembeni yake, soko la maembe na mapapai, na vibanda vinavyopika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na maharage. Sahani moja yamtosha mtu hadi jioni. Asali ya hapa inunuliwe kwa mtu anayejulikana na mwongozaji. Ile halisi hutoka kwenye mizinga ya magogo iliyotundikwa kwenye migunga na mibuyu, na ina harufu ya moshi kidogo.

Baada ya chakula gari linaelekea kaskazini-mashariki kwa barabara ya Kitui, inayopita Ikutha na Mutomo. Zamani ilikuwa safari ya vumbi na mifupa kuuma. Siku hizi ni lami. Inashuka hadi mto Athi, mpaka wa kaunti mbili, kisha mbele inasimama Yatta: mstari ulionyooka angani, bapa juu, wenye kuta zilizosimama, kana kwamba mtu ameukata kwa rula.

Yatta haina kasoko wala kilele, na bila mwongozaji mgeni angeipita akidhani ni kilima cha kawaida. Zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita, kabla ya Chyulu kuwapo, lava ilimwagika kutoka upande wa Bonde la Ufa na kufuata bonde la mto wa kale kuelekea baharini, kwa karibu kilomita 300. Ilipoganda ikawa mwamba mgumu kuliko ardhi ya kandokando. Mvua na mito ikala pande zote mbili, ikashindwa kuila lava, na baada ya mamilioni ya miaka kilichokuwa chini kikawa juu. Anayesimama ukingoni mwa Yatta, kwa hiyo, amesimama kwenye sakafu ya bonde la zamani, akitazama chini mahali palipokuwa kingo zake. Mwamba wenyewe huitwa fonolaiti, na bapa lake jembamba likigongwa kwa nyundo hulia kama chuma. Mwambie mwongozaji agonge. Watoto hawataki kuondoka.

Kutoka hapo kwenda mashariki moto wote unakwisha. Kitui iliyobaki imesimama juu ya miamba ya kale mno, iliyopikwa na kukunjwa ndani ya ardhi muda mrefu kabla ya volkano hizi. Jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, huonyeshwa wageni kwa hadithi kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia, na wengine hulidhania volkano. Silo. Ila miamba hiyo ya kale ina fadhila yake. Ikimong'onyoka hutoa mchanga, na mchanga huo hujaza mito ya msimu. Wanavijiji wa Kitui, wakifanya kazi pamoja na mashirika kama SASOL tangu miaka ya 1990, wamejenga kuta fupi za mawe na saruji kukatiza mito mikavu kwenye mamia ya sehemu. Mchanga hurundikana nyuma ya ukuta, maji hujificha ndani yake bila kukaushwa na jua, na wanawake huchimba kidogo tu wakayapata kiangazi kikali. Makueni maji yamefichwa na lava, Kitui yamefichwa na mchanga, na mwenye kupita siku moja huyaona yote mawili ikiwa mwongozaji atakumbuka kusimamisha gari kwenye daraja mojawapo kati ya Ikutha na Mutomo.

Wanaolala Kitui mjini wana sababu ya kuamka mapema. Katika nchi hii hii, tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, mgeni wa mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba Kivoi, aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Mwaka mmoja kabla, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro, na wasomi wa London walizikataa habari za wote wawili, wakisema theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Wakamba walikuwa wakiijua milima hiyo kwa vizazi vingi kutokana na misafara yao ya pembe kati ya bara na Mombasa. Asubuhi isiyo na mawingu, vilele vya Mlima Kenya, volkano iliyozimika, bado huonekana kutoka kwenye miinuko ya Kitui, upande wa kaskazini-magharibi.