Mbuzi mwitu waliorudi Uswisi kwa njia ya magendo

Juu ya mji wa St. Gallen, mashariki mwa Uswisi na si mbali na ziwa Bodensee linalopakana na Ujerumani, ipo bustani ya wanyamapori iitwayo Peter und Paul. Kiingilio chake ni bure. Ndani hamna simba wala tembo. Wengi wa wanyama wake ni wa misitu na milima ya Ulaya: kulungu wekundu, nguruwe mwitu, paka mwitu, linksi anayefanana kidogo na simbamangu, na marmota, mgugunaji mnene anayelala usingizi majira yote ya baridi.

Lakini sifa ya bustani hiyo imejengwa na mbuzi mwitu wa Alpi. Pembe za dume, zilizopinda kuelekea mgongoni na zenye vinundu upande wa mbele, huweza kufikia urefu wa meta moja. Jamaa zake wa karibu huishi katika majabali ya Oman na kwenye milima ya Simien nchini Ethiopia.

Mbuzi huyu nusura atoweke kabisa. Aliwindwa kwa ajili ya nyama na pembe, na zaidi ya hayo kwa sababu watu waliamini kwamba karibu kila kiungo chake ni dawa. Hata damu yake ilikuwa na wanunuzi. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 Uswisi ilikuwa imewapoteza wote. Kundi dogo, linalokadiriwa kuwa halikuzidi wanyama mia moja, lilisalia katika milima ya Gran Paradiso, kaskazini magharibi mwa Italia ya leo. Mwaka 1856 Vittorio Emanuele II, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme wa kwanza wa Italia, alilifanya eneo hilo kuwa hifadhi yake binafsi ya kuwinda, akaweka walinzi. Hivyo aliyependa kuwapiga risasi ndiye aliyewanusuru.

Sheria ya uwindaji ya Uswisi ya mwaka 1875 ilitaka mbuzi mwitu warejeshwe milimani. Wangetoka wapi? Majaribio ya kutumia machotara wa mbuzi mwitu na mbuzi wa kufugwa yalishindwa, na maombi ya kupewa wanyama wa damu halisi kutoka hifadhi ya mfalme hayakukubaliwa. Ndipo ikachaguliwa njia ambayo taasisi yenye heshima haiitangazi: majangili wa upande wa Italia walilipwa kuwakamata watoto wa mbuzi wangali wachanga na kuwavusha mpaka kwa siri.

Wa kwanza waliwasili mwaka 1906 katika bustani ya St. Gallen, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1892, wakalelewa kwa maziwa ya chupa. Walizaana vizuri, na mwaka 1911 mbuzi watano waliachiwa huru katika milima ya jimbo hilohilo la St. Gallen. Magendo hayakukoma hapo. Yaliendelea kwa miaka mingi, huku makundi mapya yakipelekwa sehemu nyingine za nchi. Leo Uswisi ina mbuzi mwitu zaidi ya 15,000, kiasi kwamba uwindaji wao umeruhusiwa tena chini ya udhibiti wa serikali.

Hata hivyo, idadi hiyo inaficha udhaifu. Mbuzi wote wa Alpi wametokana na lile kundi dogo la Gran Paradiso, na kila kundi jipya lilianzishwa na wanyama wachache tu waliotolewa katika wale wachache. Wanasayansi waliochunguza vinasaba vyao wamekuta tofauti ndogo mno kati ya mnyama mmoja na mwingine. Ugonjwa mpya ukizuka, hatari ni kwamba wengi wao watakosa kinga kwa namna ileile. Kuongezeka kwa idadi hakuwezi kurudisha haraka kilichopotea karne mbili zilizopita.

Kwa anayetaka kuwaona, bustani iko upande wa Rotmonten, kitongoji cha kaskazini mwa mji. Wakati wa kiangazi ni vyema kufika asubuhi na mapema au jioni, kwani mchana wa jua kali mbuzi hao hujilaza kivulini. Marmota hawaonekani majira ya baridi: wamo ardhini, wamelala.