Kuituliza Hasira (2): Maji ya Baridi Mpakani Horohoro

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi hasira inavyoushika mwili kabla akili haijapata habari. Leo tuingie kwenye stadi zenyewe.

Mchukue mama wa Muheza aliyefikisha machungwa yake Horohoro, na mnunuzi anamngoja Mombasa. Dirishani anaambiwa karatasi moja ina kasoro, arudi kesho. Lori liko juani, dereva anadai pesa ya kulala, simu ya mnunuzi inaita. Walio kando watamwambia, "Vuta subira, mama." Sawa, lakini aivuteje?

Swali hilo ndilo alilolishughulikia mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Katika tiba aliyoitunga, na ambayo kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1993, utulivu hufundishwa hatua kwa hatua, mtu akapewa na mazoezi ya kufanya nyumbani. Aliwalenga watu waliokuwa wakijidhuru au kutaka kujiua. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba ujanani naye alilazwa hospitalini kwa hali hiyohiyo.

Mwili ndio unaoanza. Mtu hubana pumzi, akauzamisha uso kwenye beseni la maji ya baridi kwa takriban nusu dakika. Hapo mapigo ya moyo hupungua yenyewe, bila kuombwa. (Mwenye maradhi ya moyo amwulize daktari kwanza.) Mpakani utalipata wapi beseni? Chupa ya maji ya barafu, ikikandamizwa mashavuni na chini ya macho, nayo husaidia. Kisha apumue taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Sasa arudi dirishani. Ataje lililotokea bila tusi, aeleze hasara inayomkabili, aombe jambo moja tu: "Mwanangu, nionyeshe kasoro yenyewe, na uniambie nani hapa anaweza kuirekebisha leo."

Wapo watakaosema huku ni kumfundisha mnyonge kumeza uonevu. Siafiki. Machungwa yanaoza kweli, na hasira yake ina haki. Akifoka, mazungumzo yatahamia kwenye adabu zake, na karatasi itasahaulika.

Tatizo kubwa ni gharama. Tiba kamili huweza kuchukua mwaka mzima, na kila wiki kuna kikao na mtaalamu na kingine cha kikundi. Kwa Mkinga, wilaya iliko Horohoro, hilo ni ndoto. Mfano wa karibu zaidi uko Nairobi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, walishiriki, na nusu yao walipewa vikao vitano vya mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani, wenye mazoezi ya kupumua na ya kutatua matatizo. Waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo mafupi, na dhiki ilipungua zaidi kwa wanawake hao kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Wahudumu wa ngazi hiyo tunao hata vijijini mwetu. Kinachokosekana ni mafunzo, na mtu wa kuwasimamia.

Juma lijalo tutazungumzia hofu. Stadi yake ni ngumu zaidi, maana humtaka mtu aelekee kulekule anakokukimbia.